Gari la Baden-Powell na ugomvi wetu wa Embu

Nikiwa Embu nikasema kwetu ni Kilifi, naulizwa bei ya nazi na samaki. Nikirudi Kilifi nikasema kazi yangu iko Embu, naulizwa kama nimebeba muguka. Nimezoea. Huu ni mwaka wa 11 tangu niletwe huku kufundisha, na ndugu zangu wengi wa pwani bado waijua Embu kwa jani hilo moja linalochumwa Mbeere na kushushwa Mombasa likiwa bichi. Leo sina la muguka. Nina habari ya magari mawili: moja la hapa kwetu, na jingine la mzee mashuhuri aliyezikwa Nyeri, ng'ambo ya pili ya mlima.

Nianze na la hapa kwetu. Katika shule ninayofundisha kuna mwalimu aliyeanzisha kundi la skauti kabla mimi sijafika. Alipostaafu, skauti wake wa zamani waliotawanyika kila pembe ya nchi walifungua kundi la WhatsApp wakachanga. Kima cha chini kilikuwa shilingi 200. Wako waliotoa hizo 200, wako waliotoa 10,000, na yuko kijana wa bodaboda hapa mjini aliyekuwa akituma 50 kila Ijumaa mpaka akatimiza 1,000. Mweka hazina nilikuwa mimi. Tulinunua Probox nyeupe iliyotumika, tukamkabidhi Mwalimu uwanjani kwa nyimbo na keki, na logbuku ikaandikwa jina lake.

Mwaka jana Mwalimu alifariki. Mwezi wa kwanza mwaka huu mkewe, ambaye sote twamwita Mama, alitoa habari kwamba analiuza gari.

Hapo moto ukawaka. Wengine walisema gari lilikuwa la skauti, Mwalimu alipewa alitumie tu, kwa hiyo lirudi shuleni libebe mahema na sufuria za kambi. Wengine walisema mwacheni mjane wa watu. Maneno yalizidi, watu wakatoka kundini, mmoja akadai arudishiwe 500 yake. Mimi, nikiri, nilikuwa upande wa kwanza. Kwa kuwa daftari la michango lilikuwa mkononi mwangu, nilijiona nina haki ya kusema. Nikaandika barua ya heshima kwa niaba ya kamati, ya kumwomba Mama alirudishe gari. Barua hiyo ilikuwa bado imo mkobani mwangu ulipoingia mwezi wa Februari.

Kila mwaka, karibu na tarehe 22 Februari, skauti wa Kenya humiminika Nyeri kumkumbuka mwanzilishi wao. Sisi wa Embu hatuendi mbali. Tulipanda basi la shule alfajiri, tukapita Kutus na Kagio, tukaingia barabara kuu Sagana, tukapanda Karatina hadi Nyeri, watoto wakiimba njia nzima. Tulipofika makaburini pa kanisa la St Peter's na kuwapanga watoto mistari, mvulana mmoja wa Gredi ya 7 aliniuliza kwa sauti ya chini kama huyu mzee aliyelala hapa aliwahi kuwa na gari. Nikamwambia alikuwa nalo, tena Rolls-Royce, na lilinunuliwa kwa senti za watoto kama yeye. Akaniuliza, basi sasa ni la nani?

Nilimpa jibu la haraka kwa sababu gwaride lilikuwa linaanza. Jibu refu ndilo hili, na nimeliandika kwa faida yangu mwenyewe kwanza.

Robert Stephenson Smyth Baden-Powell alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Babake alikuwa kasisi na profesa wa jiometri katika chuo kikuu cha Oxford. Alifariki mwaka 1860, mtoto akiwa na miaka 3. Mamake, Henrietta, aliachwa na nyumba iliyojaa watoto na kipato kisicholingana na jina la familia, akawalea. Naomba msomaji ulishike hilo: mtu huyu alikulia katika nyumba ya mjane.

Shuleni Charterhouse hakuwa hodari wa vitabu. Alichopenda ni kutoroka na kuingia kijisitu kilichokuwa karibu na shule, kutega sungura, kuwapika kwa moto usiotoa moshi ili walimu wasimgundue, na kujificha wakija. Michezo hiyo ya utotoni ndiyo iliyomlisha maisha yake yote. Mwaka 1876 alijiunga na jeshi la Uingereza akapelekwa India. Huko alijifunza upelelezi, akachora ramani, akaigiza michezo ya kuigiza, akawa ofisa mwenye jina.

Kisha ikaja Afrika, na hapa ndipo skauti wa Kiafrika anapopaswa kusoma bila kufumba macho. Baden-Powell hakuja barani kwetu kufundisha watoto kufunga mafundo. Alikuja na jeshi. Mwaka 1888 alikuwa Zululand katika vita vya kumwandama Dinuzulu, mwana wa Mfalme Cetshwayo. Mwaka 1895 na 1896 alikuwa katika msafara wa Waingereza dhidi ya Waashanti, katika nchi iitwayo Ghana leo. Mwaka huo huo wa 1896 alipelekwa kupigana na Wamatabele waliokuwa wameinuka kupinga utawala wa wageni. Huko alitekwa chifu aitwaye Uwini. Baden-Powell aliagiza ashtakiwe mbele ya mahakama ya kijeshi, na akapigwa risasi. Uchunguzi ulifanywa baadaye na ofisa huyo hakuadhibiwa, lakini jina la Uwini halijafutika.

Kutoka vita vile alirudi na pembe ya tandala, aliyoipata kama nyara. Kutoka Zululand, kwa hadithi tunayosimuliana ndani ya skauti, alitoka na mkufu wa shanga za mbao za Dinuzulu. Vitu hivyo viwili vina nafasi katika habari hii ya gari, kwa hiyo tuviweke kando kidogo.

Jina lake lilipaa mwaka 1899, vita vya Waingereza na Makaburu vilipoanza Afrika Kusini. Alizingirwa na Makaburu katika mji mdogo wa Mafeking kwa siku 217, kuanzia Oktoba 1899 hadi Mei 1900. Alitumia kila hila: mabomu ya bandia, nyaya za miba za uongo, taa za kuhadaa adui. Mji ulipokombolewa, London ilijaa watu mitaani wakishangilia. Kile ambacho washangiliaji hawakukiona ni kwamba Waafrika waliokuwa ndani ya mzingiro ule, wengi wao Wabarolong, walipata chakula kidogo kuliko Wazungu, na wako waliokufa kwa njaa. Wanahistoria wanabishana mpaka leo lawama yake ni kiasi gani. Mimi siwafichi watoto wangu habari hiyo. Mtoto akiambiwa nusu ya maisha ya mtu, siku akiigundua nusu ya pili atakuita mwongo.

Lakini Mafeking kulikuwa na kitu kingine. Wavulana wa mji walipangwa kupeleka barua, kusaidia hospitali na kusimama doria. Baden-Powell aliona kuwa mtoto akipewa kazi ya kweli na akiaminiwa, huifanya. Aliporudi Uingereza alikuta kijitabu alichowaandikia askari kuhusu upelelezi kinasomwa na walimu na vijana. Akaanza kufikiri.

Agosti 1907 aliwachukua wavulana wapatao 20 hadi kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Baadhi yao walikuwa watoto wa shule za matajiri, wengine watoto wa wafanyakazi wa mjini. Wote walilala mahema ya namna moja na kula chungu kimoja. Kila asubuhi aliwaamsha kwa kupuliza ile pembe ya tandala. Mwaka 1908 kitabu chake cha Scouting for Boys kilianza kutoka sehemu kwa sehemu, kikauzwa kwa bei ya kijana wa kawaida, na vijana wakaanza kuunda makundi yao bila kungoja mkubwa yeyote. Mwaka 1910 skauti walikuwa wameshafika Kenya.

Gari la kwanza linakuja hapa. Januari 1912, akiwa safarini melini, alikutana na binti aitwaye Olave Soames. Walizaliwa tarehe moja, 22 Februari, ila yeye alikuwa amemzidi kwa miaka 32. Walioana Oktoba mwaka ule, bwana ana miaka 55 na bibi ana 23. Skauti wa Uingereza wakaamua kumpa zawadi ya arusi. Hawakumwendea tajiri mmoja. Kila skauti alitoa peni moja, na peni hizo zikanunua gari.

Msomaji wa leo huenda hajui peni. Pauni moja ya zamani ilikuwa na peni 240. Kwa hesabu ya shilingi yetu ya Afrika Mashariki ya enzi za ukoloni, peni moja ilikuwa karibu senti 8. Hiyo ni fedha ambayo mtoto aweza kuiomba kwa mamake. Lakini skauti milioni moja wakitoa peni moja moja, umeshapita pauni 4,000. Ndiyo harambee, kabla neno lenyewe halijaingia siasa zetu.

Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, mume na mke walihamia nyumba katika kijiji cha Bentley, jimbo la Hampshire, wakaipa jina la Pax Hill. Pax ni amani kwa Kilatini. Watoto watatu, Peter, Heather na Betty, walikulia hapo. Mwaka 1920, katika mkutano wa kwanza mkubwa wa skauti wa dunia uliofanyika London, vijana walimtangaza kuwa Mkuu wa Skauti wa Dunia. Mikutano hiyo ndiyo iitwayo jamborii.

Jamborii ya tatu ilikuwa ya mwaka 1929, Arrowe Park, karibu na Birkenhead, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool. Skauti walikuwa wametimiza miaka 21. Walikuja vijana kutoka nchi nyingi, maelfu kwa maelfu, na mvua ikaja nao. Uwanja uligeuka tope, na wanaoikumbuka jamborii ile huikumbuka kwanza kwa matope. Baden-Powell, mwenye miaka 72, aliifungua kwa kupuliza pembe ile ile ya tandala kutoka nchi ya Wamatabele.

Kabla ya hapo skauti walikuwa wamemwuliza Olave kwa siri mume wake angependa zawadi gani. Olave akatafuta namna ya kumpeleleza, na mzee akajibu kwamba hana haja ya kitu, isipokuwa mikanda ya mabegani ya kushikilia suruali, maana aliyokuwa nayo ilikuwa imechakaa. Basi mikanda akapewa. Pamoja nayo akapewa picha yake iliyochorwa na David Jagger, hundi ya fedha, gari jipya la Rolls-Royce, na karavani, yaani kijumba cha magurudumu cha kufungwa nyuma ya gari. Kwa mara ya pili, skauti walikuwa wamechanga peni moja moja.

Wenyewe walivipa majina ya utani. Gari waliliita Jam Roll, jina linalogusa jamborii na Rolls kwa pamoja, na pia ni jina la keki ya kuviringwa yenye jemu ndani. Karavani waliiita Eccles, kwa jina la kampuni iliyoitengeneza, na Eccles nalo ni jina la keki nyingine ya Kiingereza. Fikiria gari la kifahari kuliko yote Uingereza limeitwa jina la kitafunio. Nadhani utani huo ulimfaa mzee aliyeomba mikanda ya suruali.

Hapo hapo pia ilitangazwa kwamba Mfalme amempa cheo cha Lord, akawa Baron Baden-Powell wa Gilwell, kwa jina la uwanja wa mafunzo ya skauti ulioko pembezoni mwa London. Lakini cheo alipewa na Mfalme, gari alipewa na watoto. Mimi ningekuwa yeye, ningejua lipi la kunifanya nilie.

Kwa miaka iliyofuata Jam Roll ilivuta Eccles katika safari za familia. Mwaka 1937, kwenye jamborii ya tano huko Vogelenzang, Uholanzi, mzee wa miaka 80 aliwaaga skauti wake. Moyo ulikuwa umechoka, na daktari alitaka apumzike. Akachagua Kenya.

Alikuwa na sababu. Huko Nyeri aliishi Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa karani wake binafsi katika siku za mwanzo za skauti. Walker na mkewe walijenga hoteli ya Outspan, kisha wakajenga Treetops juu ya mti mwaka 1932. Baden-Powell alikuwa ameitembelea Nyeri kabla, akaipenda. Mwaka 1938 yeye na Olave walishuka Mombasa, kama walivyoshuka wageni wote wa meli wa enzi hiyo, wakapanda hadi bara. Katika uwanja wa Outspan walijengewa nyumba ndogo inayoutazama Mlima Kenya. Wakaiita Paxtu.

Jina hilo Wazungu hulieleza kwa Kiingereza, kwamba ni Pax ya pili baada ya Pax Hill. Lakini sisi wenye Kiswahili hatuhitaji kufafanuliwa zaidi. Pax, tu. Amani tu. Na wako wanaosema kwamba tu hiyo aliitoa katika Kiswahili kwa makusudi. Kwa sikio la Mswahili, ndivyo inavyosikika hata usipoambiwa.

Nimeingia Paxtu mara nyingi na watoto. Kila mara wanashangaa udogo wake. Wanatarajia jumba la Lord, wanakuta nyumba ambayo mwalimu wa sekondari wa Embu angeona inamtosha kiasi. Hapo mzee alichora ndege na wanyama, akaandika barua na vitabu, akakaa barazani. Baada yake alikaa humo Jim Corbett, mwindaji mashuhuri wa chui na simbamarara wa India, mpaka alipofariki mwaka 1955, naye amezikwa katika makaburi yale yale.

Baden-Powell alifariki Paxtu tarehe 8 Januari 1941, akiwa na miaka 83. Vita vya pili vilikuwa vimepamba moto, na hakurudishwa kwao. Alizikwa Nyeri, na jiwe la kaburi lina duara lenye nukta katikati. Kila skauti anaijua alama hiyo, maana huichora njiani michezo inapokwisha: nimekwenda nyumbani. Serikali ya Kenya imelitangaza kaburi hilo kuwa turathi ya taifa.

Na gari? Gari lilibaki Uingereza. Olave alirudi huko mwaka 1942 katikati ya vita, mjane asiye na makao. Pax Hill ilikuwa imechukuliwa na wanajeshi wa Kanada, na hakuishi tena humo. Mfalme alimpa nafasi ya kukaa katika kasri la Hampton Court. Petroli ilikuwa kwa mgao. Mwaka 1945 Olave aliliuza Jam Roll.

Nilipofika hapa katika kufikiri kwangu, basi letu lilikuwa limeshavuka Sagana tukirudi Embu, watoto wamelala, na barua yangu iko mkobani. Nilijiuliza: peni zile zilikuwa za nani? Kama kuna gari duniani ambalo wachangaji wangeweza kudai kuwa ni lao, ni lile. Lilikuwa limechangwa na watoto wa dunia nzima, kwa mtu mmoja, kwa kazi moja. Na mjane aliliuza. Wala jina lake halikuharibika kwa hilo. Olave aliendelea kuwa Mkuu wa Giri Gaidi wa Dunia, akazunguka nchi baada ya nchi kuwatembelea wasichana, na alipofariki tarehe 25 Juni 1977 majivu yake yaliletwa Nyeri yakazikwa pamoja na mumewe. Leo jina lake liko juu ya jiwe lile lile.

Jam Roll lilikaa nje ya skauti zaidi ya miaka 60. Mwaka 2007, skauti walipotimiza miaka 100 na jamborii ya dunia ikafanyika tena Uingereza, gari lile na karavani ya Eccles zilikutanishwa Gilwell. Picha zikapigwa, wazee wakafurahi. Baada ya hapo kikaundwa chombo cha hisani, B-P Jam Roll Ltd, na gari likanunuliwa kwa niaba ya skauti. Nasema likanunuliwa. Fedha zilikopwa, kisha skauti wakaanza kuchanga ili kulipa deni. Kwa mara ya tatu skauti wakatoa mfukoni kwa ajili ya gari la mtu yule yule.

Hapo ndipo pembe na shanga zinaporudi. Mwaka 1919, mafunzo ya viongozi wa skauti yalipoanza Gilwell, waliohitimu walipewa shanga kutoka katika mkufu ule wa Zululand. Mimi mwenyewe navaa shingoni shanga mbili za mbao, za kuigiza zile za kwanza, ninajivunia nazo, na kila ninapozivaa najua zilianzia vitani, shingoni mwa mtu ambaye hakuulizwa. Pembe nayo ilitwaliwa hivyo hivyo. Gari halikutwaliwa. Lilitolewa, likauzwa na mwenyewe, likanunuliwa tena kwa bei ya sokoni. Katika vitu vyote vilivyobeba jina la Baden-Powell, gari hilo ndilo ninaloweza kumweleza mtoto historia yake kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuinamisha uso.

Na mimi nilikuwa nataka kufanya nini na Probox la Mwalimu? Nilitaka kuligeuza zawadi kuwa mkopo baada ya mpokeaji kufa. Wazee wetu walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nafikiri wangeongeza kwamba moyo ukishatoa haushiki kamba mkia. Tulimpa Mwalimu gari kwa sababu ya miaka aliyotupa. Miaka ile hatuwezi kumrudishia, basi kwa haki gani tunadai gari? Na Mama je? Kila Jumamosi tuliyokuwa kambini na mumewe, yeye alikuwa nyumbani bila mume. Michango yetu ya 200 haikumhesabu.

Nafahamu jibu la upande wa pili, maana nililisema mwenyewe kwa sauti. Kwamba tukiachia hivi, kesho watu hawatachanga. Kwamba vitu vya umma vimepotea sana nchini mwetu kwa mtindo huu: gari la chama likawa la mwenyekiti, shamba la kikundi likawa la mtoto wa katibu. Ni kweli, na huko pwani mna mifano yenu. Lakini dawa yake ni kusema wazi siku ya kutoa. Kama kitu ni cha kikundi, kiandikwe jina la kikundi. Kama ni zawadi, kiandikwe jina la mtu, na hapo mdomo ufungwe. Sisi tuliandika jina la Mwalimu, tukapiga makofi.

Kamati ilikutana Jumamosi iliyofuata. Niliwasimulia habari ya Jam Roll kama nilivyokusimulia wewe. Wako waliocheka kwamba nalinganisha Probox na Rolls-Royce. Wako waliokasirika, na wawili hawajanisalimu mpaka leo. Barua niliitoa mkobani, nikawaonyesha, nikaichana. Kisha nilikwenda kwa Mama, nikamwombea radhi kwa maneno aliyoyasikia, akanikaribisha chai na viazi vitamu, hatukulitaja gari tena.

Ameliuza kwa mtu wa Runyenjes. Nimeliona juzi kando ya barabara ya Meru, limejaa mikungu ya ndizi hadi juu, linapanda mlima polepole. Nilipowaambia wenzangu kundini, mmoja aliuliza kama siku moja tungeweza kulinunua tena, liwe la skauti kweli, kwa jina la skauti. Nikamwambia inawezekana, kuna waliofanya hivyo. Nikafungua ukurasa mpya katika daftari. Kima cha chini bado ni shilingi 200, na yule kijana wa bodaboda ameshatuma 50 yake ya kwanza.